Pakiti ya ORS: dawa iliyopimwa kambini

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka polepole)

MTANGAZAJI: Wiki iliyopita nilikuwa bombani na dumu langu. Mama mmoja akanitambua kwa sauti, akaniuliza: "Mwanangu, si wewe ndiye wa redio? Basi tuulizie. Nilimpeleka mtoto wangu anaharisha, wakanipa pakiti mbili za unga, wakanirudisha nyumbani. Kama tusingekuwa wakimbizi, si wangemwekea serumu?"

Akina mama wengine pale bombani wakaitikia kwa kichwa. Nikaona swali lile si la mtu mmoja. Wengi wetu tunaamini kuwa dripu ndiyo dawa kamili, na pakiti ya ORS ni ya kumpoza mnyonge. Wengine huitupa njiani, na mtoto anaendelea kukauka. Kwa hiyo leo tunajibu: pakiti hii ilitoka wapi, nani aliipima, na kwa nini anayehara asiidharau.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Twende hadi mwaka 1971, mpakani mwa India na nchi ambayo leo inaitwa Bangladesh. Wakati ule iliitwa Pakistan ya Mashariki. Vita vilizuka, na watu wapatao milioni 10 wakakimbilia India. Walilala kwenye mahema, kwenye shule, hata ndani ya mabomba makubwa ya saruji. Mvua ikanyesha, maji yakachafuka, kipindupindu kikaingia.

Katika mji mdogo wa mpakani unaoitwa Bongaon kulikuwa na hospitali yenye vyumba viwili vya wagonjwa wa kipindupindu. Mwezi wa Juni akafika daktari wa watoto kutoka Kolkata, jina lake Dilip Mahalanabis. Alikuta wagonjwa wamelala sakafuni, kwenye matapishi na kinyesi. Dripu zilikuwa zinakwisha, na katika timu yake watu wawili tu ndio waliofundishwa vizuri kuziweka. Alikuwa na njia mbili: asubiri dripu ambazo hazikuja, au atumie kitu ambacho madaktari wengi walikuwa bado wanakitilia shaka. Kitu hicho ni maji yenye chumvi na sukari, ya kunywa kwa mdomo.

Hakukibuni siku ile. Utafiti ulikuwa umeshaanza. Mwaka 1960, mtaalamu Robert Crane alieleza jinsi utumbo unavyopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Mwaka 1968, madaktari David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, waliwapa maji hayo wagonjwa 29 wa kipindupindu, na dripu zilizohitajika zikapungua kwa takriban asilimia 80. Lakini hiyo ilikuwa hospitali ya utafiti, yenye wauguzi na vipimo. Swali lililobaki ni hili: je, itafanya kazi pale ambapo hakuna vitanda, wauguzi ni wachache, na anayemhudumia mgonjwa ni mama yake mwenyewe?

Hapo ndipo tofauti ya tafiti inapoonekana. Kuna utafiti wa kutaka kujua kitu kinavyofanya kazi. Na kuna utafiti wa kuchukua kilichojulikana na kukipima mahali penye shida yenyewe, kwenye matope na foleni. Huo wa pili ndio uliofanyika Bongaon.

Timu ilipima kwa kila lita moja ya maji gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za baikaboneti ya soda. Walifungasha unga huo Kolkata katika mifuko ya plastiki, wakaifunga kwa kuipitisha pasi ya moto, wakaipeleka mpakani. Kule waliukoroga katika mapipa yenye bomba. Ndugu wa mgonjwa alikwenda na kikombe, akakinga, akarudi kumnywesha mtu wake. Wale akina mama, akina baba na dada waliokuwa wakimbizi ndio waliokuwa wauguzi.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Sasa tusikilize hesabu, maana bila hesabu haya yangebaki maneno tu. Kwa wiki nane hivi, zaidi ya wagonjwa 3,700 walihudumiwa. Kabla ya hapo, vifo vilikuwa vimefikia kama 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa wale waliohudumiwa kwa maji ya kunywa, vifo vilikuwa 3.6 katika kila 100.

Tuipige hesabu hiyo pamoja. Katika wagonjwa 3,700, kama wangekufa 30 kwa kila 100, tungezika watu 1,110. Kwa 3.6, tunazika kama 133. Tofauti ni karibu watu elfu moja, katika hospitali moja, kwa wiki nane.

Msikilizaji makini atauliza: je, wagonjwa wa kabla na wa baada walikuwa sawa? Swali zuri. Hawakuwa watu walewale wala siku zilezile, na hiyo ndiyo sababu madaktari wengine walisita. Ndiyo maana watafiti waliendelea kupima katika nchi nyingine hadi shaka ikaisha. Mwaka 1978 jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, liliandika kuwa huenda ugunduzi huu ndio ulio mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile.

Na kuna jambo jingine linalonifurahisha mimi kama mtangazaji. Maelezo ya kuchanganya maji hayo yalichapishwa kwenye karatasi, yakagawiwa mpakani, na yakasomwa kwenye redio ya siri ya wapigania uhuru wa Bangladesh. Hadi leo watu wa kule huiita dawa hii kwa lugha yao jina lenye maana ya "dripu ya kunywa".

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Inafanyaje kazi? Kipindupindu kinapoingia tumboni, utumbo unamwaga maji na chumvi kama jerikani lililotoboka. Ukimpa mgonjwa maji matupu, mengi yanapita tu. Lakini katika ukuta wa utumbo kuna mlango ambao ugonjwa hauufungi. Mlango huo una funguo mbili, chumvi na sukari, na zote mbili lazima ziingie pamoja. Zikiingia, maji yanazifuata hadi kwenye damu.

Kwa hiyo kipimo ni muhimu sana. Sukari ikizidi, inavuta maji kurudi tumboni na kuhara kunaongezeka. Chumvi ikizidi, inaweza kumdhuru mtoto. Mchanganyiko wa leo umerekebishwa. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani linapendekeza wenye chumvi na glukosi kidogo kuliko ule wa zamani, pamoja na potasiamu.

Sasa mama yangu wa bombani, hili ndilo jibu lako. Kama mtoto bado anaweza kunywa, pakiti inafanya kazi ileile ya dripu, bila sindano. Hawakukupa kwa sababu wewe ni mkimbizi. Mtoto wa tajiri mjini, akiharisha na bado anakunywa, anastahili kupewa hiyohiyo.

Lakini nisikudanganye: dripu bado ina kazi yake. Mtoto akishindwa kunywa, akilegea au kupoteza fahamu, macho yakididimia, akiwa na damu kwenye choo, au akihara maji meupe kama maji ya mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja, na mnyweshe njiani kama anaweza kumeza.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Chukueni kalamu. Osha mikono kwa sabuni. Soma pakiti: nyingi ni za lita moja, nyingine za nusu lita. Tumia maji safi, yaliyotiwa dawa au yaliyochemshwa na kupoa. Mimina unga wote, usigawe pakiti, usiongeze sukari. Mtoto chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara. Wa miaka 2 hadi 10, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimojakimoja. Endelea kunyonyesha na kumlisha. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga. Na ukipewa vidonge vya zinki, vimalize hata kama kuhara kumekoma.

Kama huna pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kilima.

Kwa nini narudia vipimo hivi kila mara? Kwa sababu kujulikana kwa dawa hakutoshi. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofika Goma, dunia ilikuwa imeijua ORS kwa zaidi ya miaka 20. Hata hivyo karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, maana maji safi na watu waliofundishwa walikuwa wachache mno. Na Warundi waliopita Kagunga mwaka 2015, kabla ya kupanda meli ya Liemba kwenda Kigoma, wanakumbuka wenyewe: maelfu waliugua, zaidi ya 30 walifariki.

Bangladesh ilijifunza. Kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC lilipita nyumba kwa nyumba, zaidi ya milioni 12, likiwafundisha akina mama kutumia chumvi na sukari guru. Na mwalimu alilipwa kulingana na kile ambacho mama alikikumbuka baadaye, si kwa idadi ya nyumba alizopita.

Basi vikundi vya wasikilizaji, zoezi lenu ni hilo. Redio ikizimwa, kila mmoja akamfundishe jirani mmoja. Kesho mrudie, mwambie akueleze yeye. Akikosea vijiko, mfundishe tena.

Mimi nitarudi bombani kumtafuta yule mama. Tukutane wiki ijayo, saa ileile. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga)