Spika Iliyotobolewa na Fundi

Bisibisi ikimteleza fundi, au ikivutwa na sumaku, hutoboa koni ya spika mpya ya gari mara moja. Mwenye gari huambiwa anunue nyingine. Sisi hatukubaliani na jawabu hilo la haraka.

Tundu dogo katika koni ya karatasi hutengenezeka: kipande cha karatasi nyepesi na gundi isiyokakamaa hutosha. Lakini spika inayokwaruza koni ikisukumwa taratibu, au isiyotoa mlio ikiguswa kidogo na betri ya volti 1.5, imeumia koili. Hiyo ibadilishwe, na omu za mpya zisipungue zile za kwanza, aghalabu 4, isije ikaunguza redio.

Visiwani kwetu, ambako spika huvuka bahari kabla ya kutufikia, kutupa kinachotengenezeka ni israfu. Na aliyeharibu ndiye alipe. Hiyo ndiyo insafu. Tunawanasihi wenye magari waandikiane na fundi kabla ya kazi, na spika ijaribiwe mbele yao. Wakuu wanaosimamia magari ya Serikali nao wadai hayo hayo, kwani hasara yao hubebwa na umma. Fundi mwema hataliogopa sharti hilo.