Mtungi wa Manjano Ulitoka Wapi?

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina fisi wala sungura. Ina mtungi wa plastiki wa manjano, ule ambao akina mama wa Garissa huujaza maziwa ya ngamia wakaupeleka sokoni.

Kabla ya maziwa, aghalabu mtungi huo ulikuwa na mafuta ya kupikia. Na kabla ya kuwa mtungi? Ulikuwa mafuta ghafi au gesi, chini kabisa ya ardhi. Hayo ni mabaki ya viumbe wadogo wa majini waliofukiwa na matope mamilioni ya miaka iliyopita. Hata Kenya yapo: mwaka 2012 yaligunduliwa Turkana, katika kisima kilichopewa jina Ngamia 1.

Kiwandani, mafuta hupashwa moto yakatenganishwa, kisha yakavunjwavunjwa kwa joto kali, ikapatikana gesi iitwayo ethilini. Chembe zake hushikanishwa kwa maelfu, kama msafara wa ngamia waliofungwa kamba mmoja nyuma ya mwenzake. Hiyo ndiyo polithini, ambayo wanakemia wa Uingereza waliigundua mwaka 1933 bila kuitafuta.

Upindueni mtungi. Kwenye kitako mna pembetatu ya mishale, na ndani yake namba 2. Hiyo ni polithini ngumu: chembe zake zimenyooka na kubanana, ndiyo maana mtungi ukianguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda haupasuki ovyo. Polithini laini ni namba 4. Chupa ya maji ya dukani ni 1, gunia la sukari ni 5. Bomba la maji la kijivu ni 3, nalo hunishangaza kuliko yote: zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, na klorini hiyo hutolewa kwenye chumvi. Chumvi hii hii tunayoijua! Siku hizi zipo hata plastiki za mahindi na miwa.

Nyanya zenu walisuka vyombo vya maziwa kwa nyuzi za mimea ya porini, wakavifukiza moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi. Chombo kikichakaa, mchwa walikimaliza. Plastiki mchwa hawaimalizi. Mfuko ukinaswa kwenye miiba, mbuzi huumeza, ukamziba tumbo, akafa na njaa huku tumbo limejaa. Uchungu huo wafugaji wanaujua. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa.

Mtungi nao una kasoro yake. Mkono hauingii shingoni, na vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo ya ndani. Kwa hiyo uosheni vizuri kabla ya kutia maziwa.

Na mkiokota kipande cha bomba lile la namba 3, msikitie motoni. Klorini iliyomo hutoka na moshi wenye asidi unaounguza macho na mapafu. Waambieni na wadogo zenu.