Wahamaji wa Kaskazini Wasiofika Liboi

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Jua la Liboi lilikuwa limeanza kulegea, lakini mchanga ungali ukichoma mpaka ndani ya makubadhi. Nilikuwa nimeketi nje ya hoteli moja karibu na msikiti pamoja na mjomba wangu aliyeolea huko, tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, niliposikia mlio ambao sikuutazamia kabisa pande zile. Ko! Kisha tena, ko! Ni mlio wa mpira ukikutana na ubao, na mtu aliyekulia Mombasa haupotezi.

"Mjomba," nikamwuliza, "hao si wanacheza kriketi?"

Mjomba akacheka. "Ni wazimu wa yule kijana aliyerudi kutoka Eastleigh. Nenda ukaone."

Nikaenda. Kwa msomaji asiyefika, Liboi ni mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Garissa, kilomita 15 hivi kutoka Somalia, na ukishika barabara kwenda mbele unaingia Dobley. Ukigeuka nyuma, upande wa Dadaab, ni mchanga, mathenge na miiba mpaka macho yachoke. Mjini utaona maduka, askari, mbuzi na mikokoteni ya punda iliyopakia maji. Kandanda ipo, na wapi haipo? Lakini kriketi!

Nyuma ya maduka, mahali udongo uliposhindiliwa na malori ukawa mgumu kama sakafu, nilikuta wavulana tisa. Wiketi yao ilikuwa dumu la njano la lita 20. Ubao wao ulichongwa kwa panga, na mpini umezungushiwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Mpira ulikuwa wa tenisi, umevishwa utepe ule wa mafundi wa umeme ili upate uzito. Mrushaji alikuwa mvulana wa miaka 13 hivi, mwembamba, amepandisha kikoi mpaka magotini. Hatua tatu za polepole, mkono wa kushoto ukapita juu, mpira ukadunda mbele ya mpigaji na, badala ya kunyooka, ukageuka kama uliokumbuka jambo. Ko! Safari hii si ubao, ni dumu.

Wallahi nilisimama nikasahau chai yangu.

Kijana alinieleza kwamba alikaa miaka miwili kwa ami yake Eastleigh, na si mbali na hapo upo uwanja wa Sir Ali Muslim Club. Alikuwa akienda kuchungulia. Siku hizi hutazama vipande vya mechi za India katika simu ya kaka yake, mtandao ukipenda. Alipojua kwamba natoka Mombasa aliuliza mara moja, "Adeer, kwenu mna timu ya kulipwa?" Adeer kwa Kisomali ni ami, na mtu akikuita hivyo huwezi kumjibu ovyo.

Nikamwambia ilikuwako. Ikiitwa Coast Pekee.

Mjomba naye alikuwa amekwisha kuja na kikombe chake, kwa hiyo ilinibidi kueleza tangu mwanzo. Zamani mchezo huu ulikuwa wa siku nzima, na mwingine siku tano, jambo ambalo mjomba hawezi kulisikia bila kutikisa kichwa. Mwaka 2003 Waingereza walianzisha namna fupi ya ova 20 kila upande, mchezo unaokwisha kwa muda wa saa tatu na kitu. Mwaka 2008 Wahindi wakaufanya biashara. Si kwamba watu wa mji wanakutana barazani na kuunda klabu, la. Mwenye mali hununua haki ya kuwa na timu kwa jina la mji, kisha huajiri wachezaji popote walipo duniani. Timu 8 za kwanza ziliuzwa hivyo, na ile ya Mumbai peke yake ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 111. Wachezaji nao hupandishwa mnadani.

"Mnadani?" Mjomba akaweka kikombe chini. "Astaghfirullah. Watu wananadiwa?"

Nikamweleza kwamba kinachonadiwa ni mkataba, na mchezaji mwenyewe ndiye huondoka na fedha. Hakuridhika sana. Sisi watu wa pwani neno hilo lina masikio yake.

Huku kwetu, mwaka 2011 ilianzishwa ligi ya Afrika ya Mashariki kwa mtindo huo huo, ijapokuwa kwa mfuko mdogo mno. Uganda ilitoa Nile Knights na Rwenzori Warriors. Kenya ilikuwa na Nairobi Buffaloes, Rift Valley Rhinos na hiyo Coast Pekee. Nakumbuka nilivyofurahi kuliona jina hilo gazetini. Pwani pekee! Mechi ya kwanza ya kriketi kuandikwa katika Kenya ilichezwa Mombasa mwaka 1896, kwa hiyo niliona haki imerudi kwa mwenyewe. Miaka haikuwa mingi, ligi ikazimika. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hata cheo chake cha kucheza mechi za siku moja za kimataifa, na waliokuwa wakitoa fedha wakatazama kwingine.

Kijana alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo nililiogopa. "Na sisi wa huku, hatukuwa na timu?"

Jibu lake lanitia haya. Kabla ya ligi hiyo ya 2011 palikuwa na nyingine ya Kenya iliyoitwa Sahara Elite League, na mojawapo ya timu zake iliitwa Northern Nomads, yaani Wahamaji wa Kaskazini. Jina zuri, na aliyelibuni bila shaka aliwaza ngamia, vibuyu vya maziwa na watu wafuatao mvua. Lakini Wahamaji hao hawakuhamia huku. Hapakutayarishwa kiwanja cha kriketi Garissa, seuze Liboi. Jina lilichukuliwa huku likaenda kufanya kazi Nairobi.

Sisemi kwamba waanzilishi walikuwa na nia mbaya. Wala, tuseme haki, Liboi ya mwaka 2011 haikuwa na nafasi ya mpira wa aina yoyote. Mwaka ule njaa ilitangazwa kusini mwa Somalia, watu wakapita hapa kwa miguu kwenda Dadaab mpaka kambi zikawa na watu zaidi ya 400,000, na mwezi wa Oktoba majeshi ya Kenya yakavuka mpaka kuingia Somalia. Ninachosema ni kwamba anayeazima jina la watu ana deni nao. Walau angepeleka mpira mmoja na mwalimu mmoja.

Kwa maana kipaji hakichagui mahali. Ule mkono wa kushoto wa kijana ulinikumbusha mtu wetu, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 2003 alikuwa na miaka 39 na alikwisha kustaafu, akaitwa tena kwa ajili ya Kombe la Dunia. Mwaka huo New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002. Kenya ikapewa pointi, watu wakasema ni bahati. Lakini Sri Lanka walikuja, wakapigwa kwa mbio 53, Collins Obuya akiwatoa watano kwa mbio 24. Kisha tarehe 15 Machi, huko Durban, Karim akawarushia Australia, mabingwa wa dunia: ova 8 na mipira 2, mbio 7 tu, watatu nje, na nahodha wao Ricky Ponting akiwa mmojawapo. Australia walishinda mechi, lakini tuzo ya mchezaji bora alipewa yeye. Hakurusha kwa nguvu. Alirusha kwa akili, polepole, kama mzee anayecheza bao akijua kete zake zote.

Nilipomaliza, kijana alinikumbusha Rashid Khan. Nikastaajabu, kumbe anamjua vizuri kuliko mimi. Waafghani walijifunza mchezo huu katika kambi za wakimbizi za Pakistan, upande wa Peshawar, nao mwaka 2024 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20. Rashid Khan amenunuliwa na timu za kulipwa za nchi nyingi. "Kambi wanayo na sisi tunayo," kijana akasema, akinyosha kidole upande wa Dadaab, kana kwamba hesabu imekwisha.

Mjomba alikuwa na lake. Aliuliza kama hakuna kamari ndani yake. Sikumficha. Nahodha wetu wa zamani Maurice Odumbe alifungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa kupokea fedha za wacheza kamari, na huko India timu mbili, ya Chennai na ya Rajasthan, zilisimamishwa kwa miaka miwili kwa mambo hayo hayo. Lakini nikamtajia pia Hashim Amla wa Afrika Kusini, aliyekataa kuvaa nembo ya bia kwenye jezi yake, akakubaliwa, na mbio akazipiga vilevile. Mjomba akatikisa kichwa kidogo, safari hii kwa kuridhika. "Huyo," akasema, "mama yake alimlea."

Kijana akanipa ubao. Nikakataa, nina magoti. Wakanizunguka, ikawa hapana budi. Nilisimama mbele ya dumu na kanzu yangu nimeifunga kiunoni, akaja zile hatua tatu. Niliuona mpira vizuri kabisa. Niliuona ukidunda, nikanyosha ubao mahali ulipotakiwa kupita, nao ukapita kwingine.

Ko!

Kabla kicheko hakijatulia alitokea msichana mdogo kutoka upande wa nyumba, akasema maneno mawili kwa Kisomali, akalichukua dumu. Mama yake anataka maji kabla ya magharibi. Wavulana hawakubishana. Waliokota mpira, wakaufunga ubao katika gunia, na muadhini akaanza.