Unanunua Aiskrimu au Hewa?

Majuzi mwanangu aliniuliza kwa nini kikombe kidogo cha jelato ni ghali kuliko cha aiskrimu. Nusura nimjibu kuwa ni jina tu. La hasha, tofauti ipo.

Aiskrimu hutiwa krimu nyingi na kukorogwa kwa kasi huku ikigandishwa. Kasi hiyo huingiza hewa, hata lita moja ya mchanganyiko yaweza kuwa lita mbili. Jelato ya Waitaliano ina maziwa mengi kuliko krimu, hukorogwa polepole, na hewa yake ni kidogo. Tena huuzwa ikiwa na baridi pungufu, ulimi usife ganzi, ladha ijitokeze.

Hewa si kosa. Bila hewa aiskrimu ingekuwa jiwe. Lakini sisi hununua kwa lita, na lita haisemi kilichomo. Marekani, sheria inataka lita moja ya aiskrimu isipungue gramu 540 hivi. Italia, jelato ya kupeleka nyumbani huuzwa kwa kilo.

Basi, mzazi mwenzangu, kabla ya kulipa, shika makopo mawili ya ukubwa mmoja uyapime mkononi. Lililo jepesi limejaa hewa, na hewa twaivuta bure.