Kufinyanga Sahani za Pambo Nyumbani



Mazungumzo yangu ya jioni hii ni juu ya udongo. Nataka kuwaelezeni jinsi mtu awezavyo kufinyanga sahani ya pambo nyumbani kwake, bila gurudumu wala tanuri, kwa mikono yake na kuni za jikoni. Najua wako watakaoniuliza: Mwalimu, sahani isiyoliwa chakula ina faida gani? Nawajibu kwamba desturi hii si ngeni katika nchi zetu. Watu wa Lamu walipanga vyombo vya kauri katika zidaka za kuta zao, na huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, mabakuli ya Kichina yalitiwa katika nguzo za makaburi, si ya kulia bali ya kutazamwa.

Tena kwa sisi tukaao Tunduma, na jirani zetu wa Mbozi, Momba na Ileje, liko jambo jingine. Malori ya kwenda na kutoka Zambia hupita kwetu mchana na usiku, na mabeseni ya plastiki huuzwa sokoni kwa bei ambayo mfinyanzi wa mitungi hawezi kushindana nayo. Mama akiona vyombo vyake havinunuliwi huiacha kazi, na binti yake hajifunzi. Lakini mnunuzi asiyetaka tena mtungi huenda akataka sahani ya kutundika ukutani, na mikono iliyozoea mtungi yaweza kuifanya.

Mabingwa wa kazi hii hawako mbali nasi. Ni wanawake wa Kikisi wa ufuoni mwa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao hufika kwa mitumbwi katika soko la Lyulilo, karibu na Matema. Wala mtu asidhani kwamba kufinyanga bila gurudumu ni kazi duni. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisoma Uingereza, kisha akaenda Nigeria kujifunza kwa wanawake wafinyanzi wa huko. Vyombo vyake, vilivyojengwa na kung'arishwa kwa mkono, vimo hata katika British Museum, London.

Basi tuanze. Chimba udongo wa mfinyanzi penye bonde au kandokando ya mto. Viringisha kidogo kama mkia wa panya, ukauzungushe kidoleni, usipokatika, wafaa. Uanike, uutwange, uuchekeche, kisha uuloweke. Jihadhari na vijiwe vya chokaa, ambavyo ni vingi katika sehemu za bonde la Songwe. Mawe ya namna hiyo ndiyo yachimbwayo kwa kutengeneza saruji. Kijiwe kimoja kikibaki ndani ya sahani huungua motoni, na baadaye hunyonya unyevu wa hewa, huvimba, na kubandua uso wa chombo. Ukishuku kijiwe, kikamulie ndimu. Kikitoa povu ni chokaa.

Changanya udongo na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa, kama sehemu 1 kwa sehemu 4 za udongo. Vigae havisinyai tena, kwa hiyo huuzuia udongo usipasuke ukaukapo, tena huacha vinjia vya mvuke kutoka.

Chukua bakuli la bati, ulipake majivu ndani ili udongo usigande, ukandamize humo udongo wenye unene wa kidole kidogo. Ukingo uujenge kwa kamba ya udongo, ukwangue kwa kipande cha kibuyu. Siku ya pili, sahani ikiwa ngumu kama ngozi mbichi, toboa tundu la kuitundikia, kwa maana ikikauka kabisa hutaweza. Chora nakshi kwa mwiba, paka uji wa udongo mwekundu, kisha sugua kwa kijiwe laini cha mtoni mpaka ing'ae. Kwa nakshi sitawaamuru. Kila mtu na atazame ukili wa mikeka ya kwao.

Sasa nafika penye shida. Mara ya kwanza nilipowafundisha wanachuo wangu kazi hii, tulifanya sahani 12. Wageni walikuwa karibu kuja, nasi tukazianika siku 3 tu, tukazitia motoni. Mara tukasikia mlio kama wa bisi. Zilizosalia nzima zilikuwa 3. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni akautua, akaokota kigae, akaniambia, "Mwalimu, umechoma maji." Niliona haya mbele ya vijana, lakini alisema kweli. Udongo ukauke nje namna gani, ndani huficha maji. Moto ukifika digrii 100 maji hayo huwa mvuke, na mvuke ukikosa njia huipasua sahani. Yako na maji mengine yaliyofungamana na udongo wenyewe, nayo hayatoki ila kwa moto wa digrii 450 mpaka 600. Hayo yakiisha kutoka, udongo haurudi tena kuwa tope.

Kwa hiyo ianike kivulini kwa wiki 2, na wakati wa masika zaidi. Iguse kwa shavu. Ikiwa baridi, maji yamo. Siku ya kuchoma, ipashe moto kando ya meko kwa saa kadhaa, ndipo uiweke juu ya kuni, uifunike kwa magunzi, mavi makavu ya ng'ombe na nyasi. Moto upatao hewa huleta rangi nyekundu. Ukitaka nyeusi, itoe ingali nyekundu kwa moto, uizike mara moja katika pumba za mpunga. Nyingine ziache jivuni mpaka asubuhi, kwani upepo wa baridi huzipasua.

Igonge kwa ukucha: nzima hulia, yenye ufa hunyamaza. Wale watakaoipaka rangi ya dukani wamwambie mnunuzi waziwazi kwamba si ya kulia chakula, maana rangi nyingine zina risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Na itakayosafiri kwa lori ifungwe katika nyasi kavu, ikisimama kwa ubavu, isilazwe.