Uzito wa mwili katika upungufu wa homoni za dundumio

Upungufu wa homoni za dundumio ni hali ambayo dundumio (pia: tezi ya thiroidi), tezi iliyoko mbele ya shingo chini ya koromeo, halitengenezi homoni za kutosha kwa mahitaji ya mwili. Huwapata zaidi wanawake, hasa baada ya umri wa makamo. Mojawapo ya dalili zake ni kuongezeka uzito. Uzito huo huweza kupungua, lakini kwa utaratibu: kwanza homoni hurudishwa kwenye kiwango kwa dawa, kisha mlo hupangwa, hasa upande wa wanga na sukari.

Dundumio na uzito

Homoni kuu za dundumio ni mbili, thiroksini (T4) na T3. Ndizo zinazoongoza kasi ya seli katika kutumia chakula na oksijeni. Zikipungua, mwili hutumia nishati kidogo hata wakati wa kupumzika. Ndiyo sababu mgonjwa husikia baridi hata katika joto la Dar es Salaam, huchoka upesi, hupata choo kigumu, na ngozi yake hukauka.

Uzito unaoletwa na ugonjwa wenyewe kwa kawaida si mkubwa: takriban kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi vinavyobaki mwilini. Mtu aliyeongezeka kilo 20 hawezi kuzihesabu zote kuwa za dundumio. Nyingi huwa na sababu nyingine, kama vile chakula, kukaa sana, au usingizi mdogo. Kilo hizo hupungua kwa njia zilezile zinazowafaa watu wengine.

Dawa kwanza

Ugonjwa huthibitishwa kwa kupima damu. Kwa kawaida homoni ya TSH, ambayo hutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo ili kuliamsha dundumio, huwa juu, na T4 huwa chini. Tiba ni vidonge vya levothiroksini, ambavyo wagonjwa wengi huvitumia maisha yote. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa dawa hii hufanya kazi taratibu.

Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Kahawa hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Kwa hiyo kikombe cha kahawa chungu cha asubuhi, kama kile kinachouzwa mitaani Kariakoo na Mnazi Mmoja, husubiri. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito wengi hupewa, na vya kalsiamu humezwa kwa tofauti ya saa 4. Anayefunga Ramadhani hupanga wakati mpya na daktari wake, kwa mfano kabla ya daku, au wakati wa kulala baada ya saa 3 au zaidi tangu kula.

Wanga katika mlo wa mjini

Gramu 1 ya wanga hutoa kilokalori 4, na ya mafuta kilokalori 9. Wanga si sumu kwa mgonjwa wa dundumio; tatizo ni wingi wake na namna unavyopikwa. Katika eneo la Mnazi Mmoja na Kariakoo, ambako watu wengi hula kazini, siku huweza kuanza kwa chai na maandazi au chapati, ikaendelea kwa sahani ya wali, na kuishia kwa chipsi mayai. Milo yote mitatu ni wanga, na mara nyingi pamoja na mafuta ya kukaangia.

Sukari ya vinywaji husahaulika. Kijiko cha chai cha sukari ni takriban gramu 4. Vikombe viwili vya chai, kila kimoja na vijiko 3, ni gramu 24. Soda moja ya kola ya mililita 350 huongeza karibu gramu 37, na jumla hupita 60. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana gramu 25.

Njia rahisi ni kuigawa sahani: nusu mboga kama mchicha, tembele, bamia au kabichi, robo maharage, samaki, dagaa, mayai au nyama, robo ugali, wali, ndizi au viazi. Ugali wa dona una nishati inayokaribia ile ya sembe, lakini nyuzinyuzi zake hushibisha zaidi na husaidia choo kigumu. Kuacha wanga kabisa si lazima: wanga ukipunguzwa mno, T3 katika damu huweza kushuka.

Chumvi na mwani

Zamani upungufu wa madini joto ulisababisha uvimbe wa shingo kwa watu wengi, hasa katika nyanda za juu kama Iringa, Mbeya na Rukwa. Tangu miaka ya 1990 Tanzania imekuwa ikitia madini joto katika chumvi. Chumvi hiyo huzuia upungufu, lakini haiponyi dundumio lililoharibiwa na kinga ya mwili yenyewe, ugonjwa ulioelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Madini joto yakizidi, kwa mfano kutokana na unga wa mwani, hali huweza kuwa mbaya zaidi. Kabichi iliyopikwa huliwa kwa kiasi bila hofu.

Hatari za njia za mkato

Kuongeza vidonge bila daktari ili kukonda huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa. Kuacha vidonge kwa sababu uzito haushuki hurudisha ugonjwa. Kwa mjamzito huhatarisha mimba na ubongo wa mtoto. Uzito usipopungua ingawa TSH iko sawa, kinachochunguzwa upya ni sahani, kikombe na mazoezi, si idadi ya vidonge.