Star Trek (msimu wa kwanza)

Msimu wa kwanza wa Star Trek ni mkusanyiko wa sehemu 29 za mfululizo wa televisheni wa bunilizi ya kisayansi kutoka nchini Marekani. Mfululizo huo ulibuniwa na Gene Roddenberry. Msimu huu ulirushwa na shirika la televisheni la NBC kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi tarehe 13 Aprili 1967. Unaeleza safari za chombo cha angani kiitwacho Enterprise na mabaharia wake, wanaotembelea sayari za mbali kwa ajili ya uchunguzi, ulinzi na mazungumzo ya amani.

Leo Star Trek inajulikana karibu duniani kote, lakini ilipoanza haikupokewa hivyo. Baadhi ya wahakiki wa magazeti waliidharau, idadi ya watazamaji ilishuka baada ya wiki ya kwanza, na kabla ya mwaka 1966 kwisha tayari palikuwa na hofu kwamba ingefutwa. Kwa Waswahili msimu huu una jambo la pekee: mmoja wa wahusika wake ana jina lililotokana na neno la Kiswahili, na Kiswahili kilisikika katika sehemu ya kwanza kabisa iliyorushwa na NBC.

Asili

Roddenberry alikuwa rubani wa ndege na askari polisi wa Los Angeles kabla ya kuwa mwandishi wa televisheni. Wazo lake lilikubaliwa na kampuni ya Desilu, iliyokuwa chini ya mwigizaji Lucille Ball. Sehemu ya majaribio iliyoitwa "The Cage" ilipigwa mwishoni mwa mwaka 1964, Jeffrey Hunter akiigiza kama Nahodha Christopher Pike. NBC waliikataa kwa kuona kwamba hadithi yake ilikuwa ya kufikirisha mno na haikuwa na vishindo vya kutosha.

Kwa kawaida mambo yangeishia hapo. Hata hivyo NBC waliagiza sehemu ya pili ya majaribio, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Sehemu hiyo, "Where No Man Has Gone Before", ilipigwa mwaka 1965 na William Shatner akachukua nafasi ya nahodha kwa jina la James T. Kirk. Kati ya wahusika wakuu wa jaribio la kwanza, aliyebaki ni Spock peke yake, akiigizwa na Leonard Nimoy. NBC waliikubali, na utengenezaji wa msimu kamili ukaanza mwaka 1966.

Wahusika wakuu

* Nahodha James T. Kirk (William Shatner) – kiongozi wa chombo.
* Spock (Leonard Nimoy) – afisa wa sayansi na msaidizi wa nahodha. Mama yake ni binadamu na baba yake ni wa sayari ya Vulcan, ambako watu hutanguliza mantiki na kuzuia hisia.
* Daktari Leonard McCoy (DeForest Kelley) – tabibu wa chombo, mwepesi wa hasira na mwenye huruma.
* Montgomery Scott (James Doohan) – mhandisi mkuu.
* Hikaru Sulu (George Takei) – mwendesha chombo.
* Luteni Uhura (Nichelle Nichols) – afisa wa mawasiliano.
* Janice Rand (Grace Lee Whitney) – karani wa nahodha, aliyeondolewa kabla ya msimu kwisha.

Mhusika Pavel Chekov, ambaye watu wengi humkumbuka pamoja na hao, hayumo katika msimu huu. Aliongezwa katika msimu wa pili.

Sehemu ya kwanza

NBC walichagua kuanza na "The Man Trap", ingawa haikuwa ya kwanza kupigwa. Ilikuwa na sayari ngeni na dubwana la kutisha, mambo ambayo mtazamaji mpya angeyaelewa bila maelezo marefu.

Katika hadithi hiyo, Kirk na McCoy wanamtembelea mtafiti anayeishi na mkewe kwenye sayari iliyohamwa. Kila mtu anamwona mke huyo kwa sura tofauti. Baadaye inagundulika kwamba mke halisi alikwisha kufa, na aliyepo ni kiumbe anayejibadili umbo na kuua watu ili kufyonza chumvi iliyomo miilini mwao. Kiumbe huyo ndiye wa mwisho wa aina yake. McCoy, ambaye zamani alimpenda mwanamke yule, analazimika kumpiga risasi akiwa bado na sura yake. Hadithi inaishia kwa huzuni, bila shangwe ya ushindi. Mwisho wa namna hiyo ulirudi mara nyingi katika msimu huu.

Ndani ya sehemu hiyo hiyo, kiumbe anamwendea Uhura kwa umbo la mwanamume Mweusi na kuzungumza naye kwa Kiswahili, naye anamjibu kwa lugha hiyo. Maongezi ni mafupi, lakini kwa mwaka 1966 lilikuwa jambo geni kwa televisheni ya Marekani.

"Where No Man Has Gone Before" ilirushwa ikiwa ya tatu. Mtazamaji aliyefuata kwa mpangilio huo aliona ghafla sare za aina nyingine, daktari mwingine badala ya McCoy, na Uhura hayupo. Sababu ni kwamba sehemu hiyo ilipigwa takriban mwaka mmoja kabla ya nyingine.

Mapokeo ya mwanzo

Maoni ya kwanza yaligawanyika. Siku chache kabla ya kuanza kurushwa, Roddenberry alionyesha sehemu za majaribio kwenye mkutano wa dunia wa wapenzi wa bunilizi ya kisayansi mjini Cleveland, nao walizipokea kwa furaha. Gazeti la Variety, linaloandika habari za biashara ya filamu na televisheni, liliona kinyume chake: lilitabiri kwamba mfululizo huo hautafanikiwa.

Mwandishi Isaac Asimov, aliyekuwa pia mwanasayansi, alichapisha makala katika jarida la TV Guide mwishoni mwa 1966 akikosoa makosa ya kisayansi katika vipindi vya anga, Star Trek ikiwemo. Hata hivyo hakubaki na msimamo wa kuubeza mfululizo huo. Alikuja kuwa rafiki wa Roddenberry, na mwaka 1967 aliandika makala nyingine katika jarida hilo hilo, safari hii akitania jinsi wanawake walivyovutiwa na akili za Spock.

Spock ndiye aliyeshangaza zaidi. Kabla ya msimu kuanza, watu wa NBC walihofia kwamba masikio yake yaliyochongoka yangemfanya afanane na shetani na kuwachukiza watazamaji. Ikawa kinyume: Nimoy alianza kupokea barua nyingi za mashabiki, na mwaka 1967 alipendekezwa kwa tuzo ya Emmy.

Kwa upande wa idadi ya watazamaji, sehemu ya kwanza iliongoza katika saa yake, siku ya Alhamisi usiku. Wiki zilizofuata idadi ilishuka, na mfululizo ukabaki katika nafasi za kati miongoni mwa vipindi vya mwaka ule. Mnamo Desemba 1966 mwandishi Harlan Ellison, pamoja na waandishi wenzake wa bunilizi ya kisayansi kama Poul Anderson, Frank Herbert na Theodore Sturgeon, waliwaomba mashabiki waandike barua za kuutetea. Msimu wa pili uliidhinishwa.

Utengenezaji

Fedha hazikutosha kwa yote yaliyotakiwa, na mambo kadhaa yanayojulikana sana yalitokana na ufinyu huo. Kuonyesha chombo kikubwa kikitua kwenye sayari mpya kila wiki kungegharimu mno. Kwa hiyo ukabuniwa mtambo unaoyeyusha watu chomboni na kuwatokeza upya ardhini. Njia hiyo ilipunguza gharama, na pia iliharakisha hadithi.

Umbo la Enterprise lilichorwa na Matt Jefferies, sare zilibuniwa na William Ware Theiss, na wimbo wa utangulizi ulitungwa na Alexander Courage. Rangi kali za sare na kuta ziliendana na wakati ule, ambapo NBC ilijitangaza kwa vipindi vya rangi huku kampuni mama yake, RCA, ikiuza televisheni za rangi.

Mnamo Novemba 1966, filamu iliyokataliwa ya "The Cage" ilitumika tena. Ilishonewa ndani ya hadithi mpya ya sehemu mbili, "The Menagerie", kama ushahidi unaoonyeshwa mahakamani katika kesi ya Spock.

Ulimwengu wa Star Trek haukuwa kamili tangu mwanzo, bali ulijengwa hatua kwa hatua. Shirikisho la sayari, ambalo Enterprise inalitumikia, halikutajwa mpaka katika sehemu ya "Arena" ya Januari 1967. Kanuni ya kutoingilia maendeleo ya jamii za sayari nyingine ilitajwa mara ya kwanza katika "The Return of the Archons". Mtayarishaji Gene L. Coon, aliyejiunga katikati ya msimu, alichangia sana mambo hayo, pamoja na kuwaleta Waklingon katika "Errand of Mercy".

Baadhi ya sehemu mashuhuri

* "Balance of Terror" (15 Desemba 1966): Enterprise inapambana na chombo cha Waromulan kisichoonekana. Inapogundulika kwamba maadui wanafanana na watu wa Vulcan, mmoja wa maafisa anaanza kumshuku Spock kwa sababu ya sura yake tu. Ubaguzi ulio ndani ya chombo unakuwa hatari kama adui aliye nje.
* "Space Seed" (16 Februari 1967): Inamleta Khan, aliyeigizwa na Ricardo Montalbán. Mhusika huyo alirudi katika filamu ya mwaka 1982.
* "A Taste of Armageddon" (23 Februari 1967): Sayari mbili zinapigana vita kwa kompyuta. Hakuna bomu linaloanguka, lakini watu wanaohesabiwa kuwa wamekufa hujipeleka wenyewe kuuawa. Ilirushwa wakati Marekani ikiwa vitani Vietnam.
* "The Devil in the Dark" (9 Machi 1967): Wachimba madini wanauawa na kiumbe wa mwamba. Spock anapounganisha akili yake naye, anabaini kwamba ni mama anayelinda mayai yake, ambayo wachimbaji wamekuwa wakiyavunja bila kujua.
* "The City on the Edge of Forever" (6 Aprili 1967): Kirk anarudi katika New York ya miaka ya 1930 na kumpenda mwanamke mpenda amani, Edith Keeler, aliyeigizwa na Joan Collins. Anagundua kwamba mwanamke huyo asipokufa, Ujerumani ya Hitler itashinda vita.

Uhura na neno "uhuru"

Jina la Uhura linatokana na neno "uhuru". Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya iitwayo Uhuru ya Robert Ruark, inayohusu Kenya. Roddenberry alilipenda neno hilo, nalo likalainishwa kwa kubadili irabu ya mwisho ili lisikike kama jina la kike. Mabadiliko hayo yanafuata mazoea ya Kiingereza na lugha za Ulaya, kwa kuwa katika Kiswahili irabu "a" mwishoni mwa neno haionyeshi jinsia. Wakati ule neno "uhuru" lilikuwa limesikika mbali kutokana na uhuru wa Tanganyika (1961), Uganda (1962) na Kenya (1963).

Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha, kwa kuwa aliona nafasi yake ni ndogo na alipenda kurudi kwenye maigizo ya jukwaani. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikutana na Martin Luther King Jr., ambaye alimwambia kuwa ni shabiki wake na akamsihi abaki. King alimweleza kwamba watazamaji walikuwa wakimwona mwanamke Mweusi akifanya kazi ya heshima, sawa na wenzake, bila kuwa mtumishi wa mtu. Nichols alibaki mpaka mwisho wa mfululizo.

Katika msimu wa pili, sehemu ya "The Changeling", Uhura anafutiwa kumbukumbu, na anapofundishwa upya anarudia kusema Kiswahili. Jina lake la kwanza, Nyota, halikutajwa katika mfululizo wa awali. Lilisikika katika filamu ya mwaka 2009.

Tuzo na athari

Mwaka 1967 sehemu tatu za msimu huu zilipendekezwa kwa tuzo ya Hugo, na "The Menagerie" ikashinda. Mwaka uliofuata ilishinda "The City on the Edge of Forever". Mfululizo ulipendekezwa pia kwa Emmy ya tamthilia bora, lakini tuzo hiyo ilikwenda kwa Mission: Impossible, ambayo nayo ilitengenezwa na Desilu.

Star Trek ilifutwa mwaka 1969 baada ya misimu mitatu na sehemu 79. Umaarufu wake mkubwa ulikuja baadaye, vituo vya mikoani vilipoirudia mara kwa mara katika miaka ya 1970. Katika muongo huohuo Nichols alisaidia NASA kuwatafuta wanawake na watu Weusi wa kujiunga na mafunzo ya wanaanga. Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kufika angani mwaka 1992, amesema kwamba alipokuwa mtoto alivutiwa na Uhura.